Dresa Aliyeandika Mgongo

Ukitaka nikueleze sura ya Dresa, mganga msaidizi wa zahanati ya shamba letu, utanipa kazi bure. Ninachokijua vizuri ni kisogo chake. Kilikuwa kimenyolewa safi, na chini ya sikio la kushoto kulikuwa na kovu dogo ambalo sikuwahi kujua lilitokana na nini. Sisi wanawake wa shamba la kahawa tulipoingia zahanatini na shida zetu za chini ya kitovu, Dresa aligeuka akalitazama kabati la dawa, akashika mikono yake nyuma, ndipo akasema, "Haya mama, sema." Hakugeuka tena mpaka umalize. Wanaume aliwatazama machoni na kuwakaripia. Sisi tulizungumza na kisogo.

Sijui alizaliwa wapi wala watu wake walikuwa akina nani. Alitoka mashariki ya Thika, kule kukavu, na Kikuyu chake kiliishia kwenye maamkizi, kwa hiyo tulisemezana naye kwa Kiswahili chetu kilichovunjika miguu. Udaktari mdogo alijifunzia jeshini wakati wa vita, akarudi na sanduku la mabati, kaptula mbili za kaki na tabia ya kupiga pasi hata kitambaa cha kufutia meza. Shamba lenyewe lilikuwa kati ya Ruiru na Thika, na miaka ilikuwa ile ya Emajensi, hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Tulikuwa tumeondolewa kwenye vijiji vyetu tukakusanywa kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na asubuhi tulitolewa kwa mstari kwenda kuchuma kahawa kama ng'ombe wanaopelekwa malishoni. Mimi nilikuwa mjane tayari, kijana bado, nikiishi nyumba moja na wifi yangu, mke wa kaka yangu.

Dresa alipenda maji kuliko mtu yeyote niliyemjua. Palikuwa na pipa zahanatini, lililofunikwa, na maji yake aliyachemsha mwenyewe, na juu ya kifuniko kilikaa kikombe cha bati. Hukupewa kidonge chochote mpaka unywe vikombe viwili pale pale ukiwa umesimama. Ukilalamika kwamba tumbo limejaa, aliliambia kabati, "Tumbo lako halijajaa, mama, limezoea ukame." Sisi tulicheka. Tukasema labda kwao mvua hainyeshi ndiyo maana anayaabudu maji hivyo. Alitusikia, na siku iliyofuata akaongeza kikombe cha tatu.

Alichukia uongo, na hili ni lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililokuja kunichanganya. Siku moja mchumaji mmoja mwanamume alitaka kukwepa kazi, akatumbukiza kipimajoto kwenye chai ya Dresa wakati Dresa ameinama. Kikapasuka. Dresa alimshika sikio, akamtembeza hivyo hivyo kutoka zahanatini mpaka kwa nyapara, karibu nusu maili, akisema kila baada ya hatua chache, "Uongo ni uchafu. Uchafu unaleta magonjwa." Yule mtu alipigwa viboko na Dresa hakumwonea huruma hata kidogo. Nami sikuipenda siku ile, kwa maana viboko vilikuwa vingi na kipimajoto kilikuwa kimoja.

Sasa nieleze tulivyokuwa tukiishi, ndipo uelewe ugonjwa wenyewe.

Kwenye mistari ya kahawa nyapara alitaka kikapu kijae kabla hujainua kichwa. Ukitoka mstarini kwenda haja ndogo aliuliza unakwenda wapi, kwa sauti, na wanaume wote wakageuka kukutazama. Choo hakikuwako. Vichaka vya kahawa vilikuwa vimepogolewa, vimebaki miguu mitupu, ukichuchumaa unaonekana kutoka pande nne. Kwetu mwanamke mtu mzima hachuchumai mbele ya macho ya wanaume, hata akifa. Kwa hiyo tulijizuia. Na ili tusipate taabu ya kujizuia, hatukunywa maji. Tulichuma kwenye jua kali tangu asubuhi mpaka jioni kwa kikombe kimoja cha uji. Jioni tuliporudi kijijini vyoo vilikuwa kule mwisho, karibu na kibanda cha homgadi, askari wenyeji wa serikali, na king'ora cha kafyu kikishalia hakuna mwanamke aliyethubutu kupita pale. Tulijizuia tena mpaka kuche.

Basi wengi wetu tulikuwa tunaungua. Mkojo unakuja kidogo kidogo, unachoma kama pilipili, ukimaliza unataka tena na hakuna kitu. Unakuwa mchafu kama maji ya kuoshea mchele, siku nyingine una damu. Tiba yetu ilikuwa ipi? Ilikuwa kupunguza maji zaidi, tukifikiri ukikojoa mara chache utaungua mara chache. Hakuna aliyetufundisha ujinga huo. Tuliutunga wenyewe kutokana na uchungu.

Kuusema kulikuwa vigumu kuliko kuuugua. Watu walijua ugonjwa mmoja tu wa kuungua, ule wa wanawake wa mjini wanaolala na kila mtu. Nao wanaume wetu wengi walikuwa kizuizini. Mwanamke ambaye mume wake yuko kizuizini akisema anaungua, kila mtu atauliza ni nani aliyemuunguza, na jibu watalipata wenyewe pale kwenye kibanda cha homgadi. Kwa hiyo tulisema mgongo. "Dresa, mgongo inauma." Kijiji kizima cha wanawake wenye migongo.

Dresa alitambua mapema kwamba migongo ile haikuwa migongo. Alinichagua mimi niwe ninawasemea wengine, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa afadhali na mume wa kuniuliza maswali sikuwa naye. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza. Aliniambia nilete mkojo kwenye chupa safi iliyochemshwa, nimwage ule wa mwanzo, nikinge wa katikati. Niliuficha ndani ya kikapu chini ya majani. Aliumimina kwenye kibomba cha kioo, akauchemsha juu ya taa ya spiriti, akatia matone ya siki, ukaganda juu kama yai linaloanza kuiva. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaliambia kabati, "Huu si ugonjwa wa umalaya. Nisikilize. Hata masista wa misheni wanaupata."

Nilianza kulia, na haikuwa kwa uchungu. Nilikuwa nimekaa miezi nikijiuliza ni dhambi gani niliyoifanya usingizini.

Alinieleza akiwa amekaza macho kwenye chupa za dawa, shingo yake imetoka jasho. Alisema wadudu wa uchafu wanaokaa nyuma, mahali pa haja kubwa, hawana madhara huko kwao, lakini wakihamia mbele wanaingia njia ya mkojo, na njia ya mwanamke ni fupi, hawachoki kuipanda. Mkojo ukitoka mara kwa mara unawasomba. Ukizuiwa, wanakaa humo na kuzaana. Kwa hiyo kunywa. Kojoa kila unaposikia haja, usingoje. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma, usirudishe mkono. Na mwenye mume, akimaliza kulala naye, ainuke akakojoe kabla ya kusinzia. Hapo sauti yake ilikwisha kabisa, akakohoa, akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Hii ya mwisho utawaambia wewe," akasema.

"Wengi hawana mume hapa, Dresa."

"Watarudi," akasema. "Utawaambia siku hiyo."

Alitupa vidonge vyeupe vya salfa na dawa ya chupa ya kupunguza mwasho, chumvichumvi, mbaya kuliko shubiri. Akaonya kwamba vidonge vile bila maji mengi vinaweza kuganda kama changarawe ndani ya figo. Mwenye homa na kutetemeka, mwenye maumivu ubavuni chini ya mbavu, mwenye kutapika, huyo asingoje hata saa moja, ugonjwa umepanda juu. Na mwenye mimba aje hata kama haungui, kwa maana kwake ugonjwa unaweza kukaa kimya na kumtoa mtoto.

Na kwenye kitabu cha zahanati, kile kikubwa chenye jalada jekundu, mbele ya jina langu aliandika "mgongo".

Nilimwona akiandika. Mtu yule yule wa sikio na nusu maili. Nikamwuliza kwa nini. Alisema karani wa shamba huja kukinakili kitabu kila mwisho wa wiki, na karani ni wa kijiji chetu, na kaka yake ni homgadi. "Akijua yeye, kijiji kitajua. Mimi najua ni nini. Inatosha." Alilisema hilo kwa fahari, nami nilimpenda kwa ajili yake. Wanawake wote walimpenda kwa ajili yake. Waliokuwa wakiogopa walianza kuja, kurasa zikajaa mgongo, naye kichwani mwake aliujua ugonjwa wa kila mmoja. Alimwendea nyapara kila wiki kumwomba aturuhusu kutoka mstarini. Nyapara alimcheka. Siku moja alimwambia Dresa avae leso ajiunge na wanawake.

Wifi yangu ndiye niliyekuwa nimemwogopea kuliko wote. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla, na wazee wa upande wetu walikuwa wamesema ni thahu, laana, wakachinja kondoo, na kondoo yule hakusaidia kitu. Ya tatu ilikuwa ya miezi miwili wakati kaka yangu alipopakiwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine. Alipiga kelele kutoka juu ya lori, "Uchunge huyo!" na sikujua alinisema mimi au alimsema wifi au mtoto. Tangu siku ile wifi alikuwa na haja moja tu duniani, mume wake akirudi amkute mtoto. Hakusema jambo jingine. Alishona vitambaa vya mtoto kutoka kwenye magunia ya unga, akavifua mpaka maandishi yakafutika.

Nilimpeleka kwa Dresa. Mkojo wake uliganda vibaya kuliko wangu. Dresa alimtibu, ukasafika, ukarudi, akamtibu tena. Kila Jumatatu alitaka chupa. Kila mara aliandika mgongo. Alimfanya wifi achume mstari wa mwisho kabisa, karibu na mtaro, na sijui alimpa nyapara nini ili akubali. Pale angalau palikuwa na majani marefu. Mimba ikafika miezi mitano, sita. Wifi alianza kucheka mara moja moja. Alimwambia Dresa mtoto akizaliwa atamwita jina lake, na Dresa, kisogo kikiwa kimetulia, akajibu kwamba mtoto wa watu aitwe jina la babu yake kama desturi yenu inavyotaka.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba Dresa alipata ruhusa ya wiki moja kwenda kumzika mama yake. Siku ya pili baada ya kuondoka, wifi alishikwa na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Alishika ubavu wa kulia akisema kuna msumari ndani.

Alhamisi alikuja daktari wa Kizungu aliyekuwa akizunguka mashamba. Nilimkokota wifi mpaka zahanatini. Daktari alikuwa na haraka, mstari ulifika nje, na aliyekuwa akimtafsiria ni karani. Yule yule.

"Anaumwa nini?" karani akamwuliza wifi.

Wifi akanitazama. Kisha akasema alichozoea kusema. "Mgongo."

Karani akafungua kitabu chekundu, akafuatisha kwa kidole. "Mgongo, Bwana. Hapa mgongo. Hapa tena mgongo. Miezi mingi, mgongo."

Daktari akambonyeza uti wa mgongo, mfupa kwa mfupa. Akamgusa paji la uso, akasema na malaria pia. Akampa dawa ya kupaka, vidonge vya malaria, na karatasi ya kazi nyepesi. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilijua mambo yote, nilikuwa nimefundishwa kila neno, ubavu, homa, kutetemeka, mimba. Nilifungua mdomo. Karani aliinua macho akaniangalia, na niliona kijiji kizima nyuma ya macho yale, na kaka yangu aliye kizuizini, na jina la wifi likitembezwa. Nikaufunga. Sikumwokoa mtu kwa kunyamaza kule. Nimejitetea miaka mingi kwamba nilimchungia aibu yake, na kila nikijitetea naona haya upya.

Mtoto alizaliwa Jumapili asubuhi, kabla ya wakati. Alikuwa wa kiume, mdogo kiasi cha kulala ndani ya kikapu cha kuchumia. Alilia mara mbili hivi. Kabla ya saa sita alikuwa amekwisha. Wifi alipakiwa kwenye lori la shamba akapelekwa hospitali, na huko waliujua ugonjwa mara moja, wakamchoma sindano siku kumi na kumponya. Sista mmoja alimwuliza kwa nini hakusema mapema. Wifi aligeukia ukutani.

Dresa alirudi Jumatatu, kitambaa cheusi begani. Nilimweleza uani. Alivua kitambaa, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni, akaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja wa Kizungu akiwa na kile kitabu kwapani. Nilimfuata mpaka chini ya dirisha, na karani alikuwa ndani.

"Huyu mama hakuwa na mgongo," Dresa alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti mbele ya mkubwa. "Alikuwa na ugonjwa wa mkojo. Wako wengi. Ni kwa sababu wananyimwa ruhusa ya kukojoa, Bwana. Choo kichimbwe mistarini. Pipa la maji liwekwe."

Meneja alifungua kitabu. Nilisikia kurasa zikigeuzwa, moja, nyingine, nyingine. "Wewe nasema ugonjwa ya mkojo. Wapi? Mimi nasoma mgongo. Mgongo. Mgongo. Hapana iko mkojo hata moja. Wewe nadanganya mimi zamani, ama nadanganya leo?"

"Zamani, Bwana," Dresa akasema.

Choo hakikuchimbwa, na Dresa aliambiwa mwisho wa mwezi afungashe. Kwa uongo kwenye kitabu cha shamba. Jumapili mbili zilizobaki alikuja mistarini na jembe la kukopa akachimba mwenyewe, kaptula yake ya pasi ikaloa udongo mwekundu mpaka kiunoni. Alizungushia magunia. Nyapara alimtazama tu. Tulikitumia choo kile mpaka mchwa walipomaliza nguzo, na wanawake kadhaa walipona kwa sababu ya choo tu, bila kidonge.

Lakini mimi nilimchukia. Mwezi ule wote nilimchukia, nilipokuwa nikipita karibu na shimo lake niligeuza uso. Alinisimamisha siku ya kuondoka, sanduku la mabati kichwani, akasema, "Nilitaka kuwafichia aibu. Nikauficha na ugonjwa." Alingoja kidogo, akaenda zake.

Na karani alikuwa amesikia yote siku ile ofisini. Jioni ile ile kijiji kilijua kwamba mke wa kaka yangu, mume akiwa kizuizini, alikuwa na ugonjwa wa mkojo, na mtoto amekufa kwa ajili hiyo. Aliporudi kutoka hospitali hawakusema mbele yake. Waliacha tu kumkopesha vyombo. Kisimani walisogea apite peke yake. Wanawake wengine wenye mgongo ndio walisogea mbali zaidi, na mimi najua sababu, waliogopa kuambatanishwa naye.

Kaka yangu alirudi miaka ya mwisho mwisho ya Emajensi, amekonda, hasikii vizuri sikio moja. Alimkuta wifi, hakumkuta mtoto. Kwa wiki tatu hivi mambo yalikuwa mazuri. Kisha akapelekewa maneno, sikuuliza ni nani aliyempelekea, na akaacha kula chakula cha wifi. Akatangaza kwamba Jumatatu atamrudisha kwao.

Niliuliza watu. Wakaniambia Dresa yuko upande wa Kalimoni kwenye shamba la mkonge. Nilitoka alfajiri nikamkuta adhuhuri, anahesabu miganda, amevaa aproni ya gunia. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Zahanati yoyote iliyompigia simu meneja wetu ilikuwa imeambiwa habari ya kitabu, ikamkataa.

"Uje umwambie kaka yangu," nilimwambia. "Wewe ndiye shahidi tuliye naye."

Alikuja Jumapili, suruali ina mstari wa pasi. Kaka yangu alimpa kiti uani. Wifi aliketi mlangoni, mikono mapajani. Sijawahi kumwona mtu akitubu kama Dresa alivyotubu siku ile. Hakuruka kitu. Alieleza ugonjwa, alieleza kwamba si wa uzinzi, alieleza mistari ya kahawa na kujizuia, alieleza daktari na karani. Akamaliza, "Mtoto wako aliuawa na kalamu yangu. Bibi yako hana kosa lolote."

Kaka yangu alikuwa ameinamisha sikio lake zima. Akauliza polepole, "Uliandika mgongo?"

"Niliandika."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na ulikuwa unajua si mgongo. Ulijuaje?"

"Nilichemsha mkojo wake. Kila Jumatatu aliniletea."

"Kila Jumatatu." Kaka yangu alilirudia neno hilo. "Bibi yangu anakuletea mkojo yake kila Jumatatu, wewe unaficha ugonjwa yake kwa kitabu ya Mzungu mpaka unafutwa kazi. Mwanamume anaficha ugonjwa ya mwanamke ya mtu kwa nini? Anaficha kama ni yeye amempatia."

"Ngai!" nikasema. "Hapana! Aliandika hivyo kwa wote."

"Wote wako wapi? Waje waseme."

Nilizitazama nyumba za jirani. Milango yote ilikuwa wazi na hakuna aliyetokeza, ingawa najua walisikia. Basi nikasema nilichopaswa kusema mbele ya daktari miaka ile. "Mimi ni mmoja wao. Hata mimi nilikuwa nao. Hata mimi aliniandika mgongo."

Kaka yangu alinitazama, kisha akamtazama Dresa.

"Basi alikuwa na nyinyi wawili," akasema, akainuka akaingia ndani.

Wifi hakungoja Jumatatu. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akaongeza sufuria moja na vile vitambaa vya gunia. Nilisema nitamsindikiza. Dresa alikuwa amesimama barabarani nje ya boma, hajui aende au abaki. Tulipomfikia aliinyoosha mikono kuupokea mzigo.

"Wacha, Dresa," wifi alisema. Hakukasirika. Alisema kwa upole, kama anamzuia mtoto asishike sufuria ya moto. "Wataona."

Akaishusha mikono.

Hatukuwa tumekwenda mbali wifi aliposimama. Aliweka mzigo chini, akaniomba nimwangalizie, akaingia kwenye kahawa. Nilisimama kando ya barabara nikiwa nimenyoosha leso yangu asionekane. Alikaa sana. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Alipotoka alikuwa amelowa jasho na midomo yake imekauka.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu aache kula chakula changu. Sikunywa maji. Nilikuwa naona haya kutokatoka mbele yake."

Niligeuka. Dresa alikuwa bado amesimama pale pale barabarani, karibu kiasi cha kuitwa. Wifi naye alikuwa amemwona. Tukatazamana, kisha akainama akachukua mzigo wake, nasi tukaendelea na safari.